"Kumpiga" au "Kuwapiga"? Lugha ya Habari katika Vita vya Kagera na Ufundishaji Wetu

Katika semina ya idara ya muhula uliopita niliulizwa kwa nini niliondoa kifungu cha ufahamu kuhusu Vita vya Kagera katika mtihani wa mwaka wa pili. Nilijibu kwa maneno machache kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na chai ilikuwa imeshaletwa. Baadhi ya wenzangu walitoka wakiamini kuwa nimeogopa siasa. Mhariri wa jarida letu amenipa kurasa hizi nieleze jambo lenyewe, nami nashukuru, ingawa ufafanuzi wenyewe unaanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi insha juu ya vita hivyo. Mwanafunzi mmoja kutoka Arua aliandika "Rais wa zamani Idi Amin" kutoka mwanzo hadi mwisho. Matini niliyowapa, ambayo nilikuja nayo kutoka Dar es Salaam nilikosomea shahada ya uzamili, ilitumia "nduli". Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata "Rais wa zamani" na kuandika pembeni: "Zingatia msamiati wa matini." Nikampunguzia alama mbili. Aliporudishiwa kazi alikuja ofisini, akanisalimu kwa adabu, akauliza, "Mwalimu, hili ni kosa la lugha au la siasa?" Nilimwambia ni la lugha. Tangu siku ile sijaridhika na jibu hilo, na makala haya ni jaribio la kulisahihisha.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu historia. Sikusudii kumsafisha Idi Amin. Utawala wake wa 1971 hadi 1979 uliwaua watu wengi mno wa nchi hii, wakiwemo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka mwaka 1972 na Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Tanzania na kuishika ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, yapata kilometa za mraba 1,840. Waliua raia, wakapora ng'ombe na mali za kiwanda cha sukari, na daraja la Kyaka likavunjwa. Anayetaka kujua kwa nini Watanzania walikasirika hana haja ya kutafuta propaganda; yaliyotendeka yanatosha.

Hata hivyo, vita hivi vilipiganwa pia redioni na magazetini, na huko silaha kubwa ya pande zote mbili ilikuwa lugha yetu hii ya Kiswahili. Jambo hilo ni nadra. Katika vita vingi adui husema lugha nyingine, na mtangazaji huhitaji mkalimani ili kumtukana. Hapa Radio Uganda na Radio Tanzania Dar es Salaam ziliweza kusikilizwa na mtu yule yule, kwa redio ile ile ya mkulima, akigeuza kitufe tu. Ikumbukwe kuwa ni Amin mwenyewe aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda mwaka 1973, na ndipo kikapata nafasi zaidi katika redio na televisheni. Waliotaka kulinganisha walikuwa pia na Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyokuwa hewani tangu 1957.

Upande wa Uganda haunichukulii muda mrefu, kwa sababu uongo wake ulikuwa wa waziwazi kiasi kwamba ulijihakiki wenyewe. Katika Oktoba 1978 Radio Uganda ilidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoivamia Uganda. Haukupita muda, redio hiyo hiyo ikajigamba kuwa jeshi la Uganda limeitwaa ardhi ya Kagera kwa dakika 25, kasi isiyopata kuonekana duniani, na kwamba mto sasa ndio mpaka. Kisha Amin akapendekeza mgogoro umalizwe kwa pambano la ngumi kati yake na Mwalimu Nyerere, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Wapo wanaolisimulia hili hadi leo kama kichekesho. Mimi naona kuwa kichekesho chenyewe kilifanya kazi: wakati waandishi wa dunia wakiandika juu ya ngumi, waliokuwa wamekufa kule Kagera walipata aya fupi. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na ile haikudumu. Lakini msikilizaji aliyeamini dakika 25 hakupata kuambiwa na redio yake kilichofuata.

Upande wa Tanzania ndio unaostahili uhakiki wa kina, kwa sababu lugha yake ilikuwa nzuri zaidi, na ndiyo iliyobaki. Hiyo ndiyo tunayoifundisha.

Tuanze na hotuba ya Mwalimu ya mwanzoni mwa Novemba 1978, ambayo kila aliyesoma fasihi simulizi au elimumitindo amewahi kupewa kama mfano. Wahakiki husifu utatu wake: uwezo, sababu, nia. Husifu ufupi wa sentensi na takriri inayofanya msikilizaji aimalizie mwenyewe. Yote hayo ni kweli, na sina la kuongeza. Ninachoona kimepuuzwa ni kitenzi chenyewe. Mwalimu alisema kazi iliyopo ni kumpiga. Tukikichanganua kitenzi hicho kama tunavyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tunapata kiambishi cha yambwa -m-, nafsi ya tatu umoja. Hakusema kuwapiga. Hakusema kuipiga Uganda. Alimtaja mmoja.

Hili halikuwa bahati mbaya. Mwalimu hakupata kuitambua serikali ya Amin tangu mapinduzi ya Januari 1971, na siku zote alimtofautisha Amin na wananchi wa Uganda. Kwa kiambishi kimoja aliwaambia wanajeshi na mgambo wake kuwa ugomvi si wa Watanzania na Waganda. (Neno "Waganda" lenyewe lina utata: kwa Mtanzania ni watu wote wa Uganda, kwetu ni watu wa Buganda tu. Wanafunzi wetu hugongana na wenzao wa Dar es Salaam kila mara kwa neno hili.) Kwa maoni yangu huu ni uamuzi wa heshima, na lugha ya vita vingi haifiki hapo. Anayetaka kuona kinyume chake atazame matangazo ya RTLM ya mwaka 1994 nchini Rwanda, ambapo adui alikuwa kabila zima, jirani kwa jirani, na ambapo kesi ya vyombo vya habari iliyohukumiwa Desemba 2003 ilionyesha mahakamani jinsi neno linavyoua. Kati ya -m- ya Mwalimu na maneno yale kuna umbali mkubwa, nami sitaki mtu yeyote anielewe vibaya katika hilo.

Magazeti na redio yalikipokea kiambishi hicho na kukipa nomino. Nomino ilikuwa "nduli". Maana yake ni muuaji, katili asiye na huruma. Linalovutia kisarufi ni mahali lilipowekwa. Halikutumika kama sifa, yaani "Amin ni nduli", ambayo ni kauli mtu anaweza kuikubali au kuikataa. Lilitangulia jina, "Nduli Iddi Amini", pale pale ambapo zamani palikaa "Rais" au "Jenerali". Likawa cheo. Na cheo hakijadiliwi: mtu akisema "Daktari fulani" hakuna anayemtaka athibitishe udaktari huo. Kwa njia hiyo hukumu iliingia katika sentensi kabla ya kiima hakijapata kitenzi chake. Amin mwenyewe alipenda vyeo kupita kiasi, na nadhani kumbadilishia cheo kulikuwa na kejeli ya makusudi ndani yake. Kama mbinu ya mtindo, ilikuwa hodari. Kama lugha ya habari, ilifunga mlango. Ndiyo lugha niliyomlazimisha mwanafunzi wangu aiandike, miongo kadhaa baada ya vita, kana kwamba ni suala la upatanisho wa ngeli.

Tazama sasa vitabu. Baldwin Mzirai, mwandishi wa habari, alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980. Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Kuzama, anguko: vitabu viwili, mtu mmoja. Tukiviweka kando ya tenzi za vita zilizotangulia, tofauti inaonekana hata katika majalada. Hemedi bin Abdallah aliita wake Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, naye akamtaja adui kwa wingi wake na kitendo chake. Abdul Karim bin Jamaliddini ana Utenzi wa Vita vya Maji Maji, jina litokanalo na dawa ya wapiganaji. Shaaban Robert, alipotunga juu ya vita vikuu vya pili, aliita Utenzi wa Vita vya Uhuru, yaani jina la shabaha. Muhanika anataja mahali na mtu. Silaumu, mtunzi hutunga na wakati wake, na kwa msomaji wa Tanzania wa 1981 hicho ndicho kilichokuwa kimetokea: Kagera ilivamiwa, Amin akaanguka. Kwa msomaji wa Masaka mambo hayakuishia hapo wala hayakuanzia hapo.

Hapa ndipo kiambishi -m- kinapoanza kuelemewa. Januari 1979 mapigano yalivuka mpaka na kuingia Uganda. Mwishoni mwa Februari majeshi ya Tanzania yaliteka Masaka na Mbarara, na miji yote miwili ikabomolewa kwa sehemu kubwa, ikiwa ni pamoja na majengo yaliyolipuliwa baada ya mji kutekwa, kwa kisasi cha Kagera. Maduka na nyumba zile hazikuwa za Amin. Sarufi ya "kumpiga" haina nafasi ya kuwaweka wenye nyumba hizo. Si watendwa waliokusudiwa, kwa hiyo hawamo katika kitenzi. Na asiyekuwamo katika kitenzi ni vigumu kumwona katika habari.

Aidha, kulikuwa na suala la nani anayepiga. Serikali ya Tanzania ilishikilia kuwa kuna vita viwili: cha Watanzania kumfukuza mvamizi, na cha Waganda kumwondoa mtawala wao. Kidiplomasia maelezo haya yalieleweka, kwa kuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza nchi moja kuingilia nyingine. Wakimbizi wa Uganda walipigana kweli na kufa kweli, na Machi 1979 walikutana Moshi wakaunda umoja wao. Lakini mzigo mkubwa, Lukaya, Entebbe na Kampala yenyewe tarehe 10 na 11 Aprili, ulibebwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kwa hiyo katika habari za miezi ile kuna vitenzi vingi vya kutendwa: mji umekombolewa, daraja limetekwa, adui amefurushwa. Umekombolewa na nani? Kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda asitajwe, na wakati wa vita ruhusa hiyo hutumika mpaka ichakae. Nawaomba wenzangu wanaofundisha kauli za vitenzi wajaribu mifano ya aina hii badala ya "chakula kimepikwa". Mwanafunzi ataelewa mara moja kauli hiyo ni ya kazi gani.

Niseme neno juu ya waandishi waliojaribu kuona kwa macho. Tony Avirgan na Martha Honey, Wamarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, waliandamana na jeshi la Tanzania na mwaka 1982 wakachapisha kitabu ambacho hadi leo ndicho rejeo la kwanza la vita hivi. Waandishi wanne wa Ulaya, Waswidi wawili na Wajerumani wa Magharibi wawili, walivuka ziwa Aprili 1979 ili kuripoti kutoka upande wa Uganda, wakauawa na askari wa Amin. Inasikitisha kwamba kumbukumbu pana zaidi ya vita vilivyopiganwa kwa Kiswahili imeandikwa kwa Kiingereza. Mzirai tunaye, lakini ni mmoja, na nakala ya kitabu chake kwenye maktaba yetu imekosa kurasa za mwisho.

Jinsi watu wa kawaida walivyoipokea lugha hiyo ni mlango mwingine, nao kwangu ndio wenye utajiri mkubwa kuliko yote haya. Nilizaliwa baada ya vita, lakini nililelewa na maneno yake. Mama hakusema wanajeshi wa Tanzania, alisema "bakombozi". Sikujua hadi nilipofika chuo kikuu kuwa hilo ni "wakombozi" lililovuliwa kiambishi wa- na kuvishwa ba- ya Kiganda. Mzizi ulivuka mpaka pamoja na mizinga, ukapata uraia. Mizinga yenyewe, ile ya roketi za Kirusi iliyotisha kwa mlio wake, ikaitwa "saba saba", na watu wazima wa Buganda hulitaja jina hilo hadi leo bila kufikiri kuwa wanahesabu kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi kabla ya hapo Kiswahili hapa kilikuwa lugha ya kuamrishwa kizuizini barabarani. Mama husema walishangaa kumsikia askari mwenye bunduki akisema "tafadhali". Kisha, baada ya miaka michache tu, chini ya serikali iliyofuata, Kiswahili kilituletea "panda gari", jina la misako ya kuzoa watu mtaani na kuwapakia kwenye malori. Ndani ya kizazi kimoja lugha moja ilileta "tafadhali" na "panda gari". Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda akishangaa kwa nini wazazi husitasita, ingawa katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima, asitafute sababu mbali.

Narudi kwa mwanafunzi wa Arua. Amin alitoka eneo la West Nile. Alipokimbia, -m- ilibaki bila mtu wa kuibeba, ikageuka -wa-. "Nduli" mmoja akawa "watu wa Amin" wengi. Katika baadhi ya sehemu za Ankole Waislamu waliuawa mwaka 1979 kwa kuhesabiwa kuwa ni wake. Huko West Nile wanajeshi wa serikali mpya waliwaandama raia, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi hao waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Sisemi kwamba hotuba ya Novemba 1978 iliwaua watu wa Ombaci. Hotuba ile ilisema kinyume kabisa. Ninasema kuwa hukumu ikishakuwa cheo, na cheo kikishazoeleka masikioni, hakiishi na mwenyewe. Hutafuta jamaa zake. Mtu akisikia miaka mitatu kwamba ubaya wote una jina moja, ataanza kuuliza wenye jina hilo wanatoka wapi.

Mwenzangu mmoja, mwalimu ninayemheshimu, alinipinga katika semina kwamba tukianza kupembua maneno ya upande uliotukomboa tutawanyima wanafunzi uwezo wa kusema wazi kuwa baya ni baya. Hoja yake ina uzito. Sipendi hata kidogo ile insha ya "pande zote mbili zilikuwa na makosa", ambayo mwanafunzi mvivu huikimbilia ili asifanye utafiti. Redio iliyosema uongo wa dakika 25 na hotuba iliyochagua -m- si sawa, na anayezipa alama sawa hajasoma. Lakini sioni kwa nini mwanafunzi ashindwe kuandika kwamba Amin aliua, kwa kitenzi, kwa kutaja nani, lini na wapi, badala ya kuandika nomino na kuendelea mbele. Kitenzi kinadai ushahidi. Nomino ile haikumdai mtu kitu.

Kwa hiyo sikukiondoa kifungu kile kwa hofu. Nimekibadilisha. Zoezi jipya lina matini tatu fupi za kipindi kile cha vita, na mwanafunzi hatakiwi kujibu "nduli maana yake nini". Anatakiwa kuorodhesha viambishi vya yambwa vyote, aeleze kila kimoja kinamrejelea nani, kisha ataje waliokuwepo mahali pale ambao hawana kiambishi. Sehemu ya pili anakwenda nayo nyumbani: amwombe mzee mmoja amsimulie siku moja tu ya mwaka 1979 au miaka iliyofuata, kwa lugha yoyote, naye aiandike kwa Kiswahili bila kuongeza cheo kwa mtu yeyote.

Yule mwanafunzi alikwishahitimu, lakini nilimpigia simu nikamwomba aifanye sehemu ya pili kwa hisani yake. Alikubali. Masimulizi ya babu yake ni ya ukurasa mmoja na nusu, mengi yakihusu mbuzi waliobaki bila mchungaji. Hakuna Amin hata mara moja. Vitenzi vyake karibu vyote vina -tu-: walitukuta, walitupanga, walitutenganisha. Nilimrudishia zile alama mbili, ingawa alicheka na kusema hazitabadili cheti.

Zoezi lenyewe lipo katika ofisi ya idara kwa wanaotaka kulijaribu. Matini za Radio Tanzania si ngumu kupatikana. Za Radio Uganda ya 1978 ndizo tunazozikosa. Msomaji yeyote mwenye mzee aliyerekodi au kunakili matangazo hayo kwa mkono, tafadhali tuwasiliane kabla muhula haujaanza.